Sahani Moja ya Ngana

Niliitambua ile sahani Jumanne moja mchana, nikiwa ofisini kwangu hospitalini Kyela, feni ikizunguka juu ya kichwa bila kuleta ubaridi wowote. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilifungua kishikwambi na kuangalia picha za vyakula walizotuma wagonjwa wetu wa kisukari. Nilizipitia haraka haraka: huyu wali umezidi, huyu mboga hana, hapa mafuta yanaogelea, huyu amejitahidi. Siku hiyo nilisimama kwenye picha ya mama mmoja wa kijiji fulani kata ya Ngana. Sahani nyeupe ya enameli, ukingo wa bluu. Nusu matembele, robo ndizi za kuchemsha, robo samaki mdogo wa kuchoma. Kama nilivyofundisha, bila kosa hata moja. Nikampa nyota.

Nikafungua picha iliyofuata, ya mzee wa kijiji hicho hicho. Sahani nyeupe, ukingo wa bluu, matembele, ndizi, samaki. Upande wa kushoto enameli ilikuwa imebanduka na kuacha doa jeusi lenye umbo la ukucha. Nikarudi kwenye picha ya yule mama. Doa lilikuwepo.

Nilijiambia kwamba sahani za duka moja hufanana, na hubanduka. Lakini samaki naye alikuwa yule yule. Mkia umekatika nusu, jani moja la tembele limemlalia mgongoni, na kwenye jicho lake jeupe kulikuwa na chembe ya mkaa. Nikafungua picha ya tatu, ya nne, ya tano. Kijiji kile kilikuwa na wagonjwa kumi kwenye mpango wetu, na wote kumi walikuwa wametuma samaki mmoja. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa tu: juu ya meza, juu ya kigoda, juu ya mkeka, kwenye kizingiti cha dirisha. Saa zilizoandikwa chini ya picha zilipishana kwa dakika chache chache, kuanzia kabla ya saa sita mpaka karibu saa nane. Na muda wote huo hakuna aliyemega. Kutoka picha ya kwanza hadi ya kumi, jani lilikuwa pale pale mgongoni.

Nikarudi nyuma siku moja. Kulikuwa na majani ya maboga na maharage, kwenye sahani ile ile. Nikarudi wiki, nikarudi mwezi. Kila siku chakula kilikuwa kingine, ila sahani na doa lake havikubadilika, na watu walikuwa kumi. Mwili ulinisisimka, mchana kweupe, watu wanapita koridoni.

Mimi si mtu wa Kyela. Nimekulia Singida, kwenye uwele na mlenda, na serikali ilinipanga huku kama afisa lishe nikiwa bado sijui hata ndizi za kupika zina majina mangapi. Mgeni wa Kyela huchelewa kujua anachokiangalia. Wiki yangu ya kwanza nilipelekwa Itungi kuona ziwa, nikaona nguzo za moshi mweusi zimesimama juu ya maji, mbali, zikijipinda polepole. Nikauliza ni meli gani inaungua. Watu walicheka sana. Ule haukuwa moshi. Walikuwa wadudu wadogo wa ziwani, wengi kupita kuhesabika, wanaoinuka pamoja. Upepo ukiwaleta nchi kavu watu huwakusanya, wakawatengeneza vitumbua vyeusi wakala. Nilivyoonja nilisikia ladha ya samaki. Tangu siku hiyo nilijifunza kuuliza kabla ya kuamini macho yangu, ingawa, kama mtakavyoona, sikujifunza vya kutosha.

Mpango wenyewe uliletwa na mradi. Wagonjwa wa kisukari na presha wasio na uwezo walipewa simu ya tachi iliyowekwa programu ya mapishi ndani. Kila asubuhi programu iliwafundisha pishi moja la vitu vinavyopatikana nyumbani: namna ya kupunguza mawese, namna ya kula wali bila kuujaza, namna ya kupika mboga isipoteze nguvu yake. Mchana mgonjwa alipiga picha sahani yake na kuituma. Kwa kuwa wengi hawakupenda kusoma, masomo yalikuwa ya sauti, na sauti hiyo ilikuwa yangu. Nilirekodi kwenye stoo ya hospitali, tumetundika mablanketi ukutani ili kusiwe na mwangwi. Nilirekodi mara mbili, mara moja nikisema "baba" na mara moja nikisema "mama", ili kila mtu aitwe kwa heshima yake. Nilirekodi pongezi. Nilirekodi na ukumbusho, kwa yule ambaye mpaka saa saba mchana hajatuma kitu. Ukumbusho ulisema: "Baba, leo hujatuma chakula chako. Tunakusubiri."

Kundi la Ngana ndilo lililokuwa fahari yangu. Katika kikao cha mkoa nilionyesha picha zao ukutani. Kitu kimoja tu kilinisumbua: walipokuja kliniki, sukari zao zilikuwa zinapanda. Niliilaumu mashine. Niliomba ibadilishwe betri.

Jumanne ile nilimwita muuguzi wa kliniki yetu, mama mzaliwa wa Kyela aliyenizidi miaka kama kumi, ambaye ndiye aliyekuwa akinitafsiria kila nilipokwama. Aliangalia picha moja moja. Alipofika ya mwisho akanirudishia kishikwambi.

"Mdogo wangu," akasema, "hii sahani inatembea."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Huyu anayeanza kila siku ni nani?" akauliza.

Nikamwonyesha. Kila siku picha ya kwanza ilitoka kwa baba mmoja, yule aliyekuwa wa kwanza kabisa kuandikishwa kijijini kwao. Muuguzi akalitazama jina kwa muda.

"Huyu hajaja kliniki tangu masika."

"Labda barabara, dada."

"Barabara ilishatengenezwa. Wenzake wanakuja."

Tulikubaliana kwenda Alhamisi, bila kupiga simu.

Bodaboda zilitufikisha mpaka kwenye kalavati lililovunjwa na mafuriko, tukashuka, tukaendelea kwa miguu kupitia mashamba ya kakao. Shamba la kakao lina giza lake hata saa tano asubuhi. Majani makubwa yaliyooza yanalala chini kama zulia, hatua yako mwenyewe huisikii. Tulipotokea kijijini niliona ukutani, kwenye kila nyumba, mstari wa tope ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, usawa wa kiuno changu. Ndipo maji ya masika yalipofika. Bustani za bondeni zilikuwa zimefunikwa na mchanga wa kijivu, na kwenye mchanga huo hakukuwa kumeota kitu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mwenye kidonda mguuni, mmoja wa wale kumi. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, mguu umefungwa bendeji, simu ya mradi iko mapajani, imefutwa vizuri.

"Mugonile," nikamsalimu kwa Kinyakyusa changu kibovu, kisha nikaongeza, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni, karibuni, daktari." Nilishamwambia mara nyingi kwamba mimi si daktari.

Nikamuuliza leo anakula nini. Akasema, "Tumekula." Nikatazama jikoni: majivu meupe, mafiga yamepoa, sufuria imefunikwa kichwa chini. Nikamwomba mkewe anionyeshe sahani wanayolia chakula. Akaniletea za plastiki, mbili, za kijani. Nikashukuru. Mzee alikuwa mkarimu kama kawaida, lakini kila baada ya maneno mawili matatu macho yake yaliondoka usoni kwangu na kwenda kwenye njia inayotokea migombani. Hakuuliza tumefuata nini. Hilo lilinitisha kuliko majivu.

Tukaenda nyumba ya pili. Bibi mmoja alikaa mlangoni, simu mapajani, ameielekea njia ile ile. Tukasalimiana. Alikuwa amejifunga kitenge kizuri, kama mtu anayengoja wageni. Nikainua macho, na hapo hapo niliiona nyumba ya tatu upande wa pili wa uwanja, na mama amekaa mlangoni na simu mapajani. Baada yake nyingine. Hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake. Hakuna kinu kilichokuwa kikitwanga, hakuna moshi uliokuwa ukitoka popote, na jua lilikuwa linakaribia utosini.

"Wanasubiri nini?" nikamnong'oneza muuguzi.

"Nyamaza kwanza," akasema.

Mwanamke akatokea migombani. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na kitambaa cheusi kichwani, umri wake kama miaka hamsini na kitu. Alibeba kitu mikononi, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe, na alitembea polepole, macho chini, kama anayempelekea mgonjwa uji usimwagike. Alituona. Hakusimama wala hakuharakisha. Alitupita akisema, "Mugonile," kwa sauti ya chini, akaenda moja kwa moja kwa mzee wa kidonda. Akapiga magoti, akakiweka kile kitu kwenye kigoda, akafunua.

Sahani nyeupe, ukingo wa bluu.

Mzee akainua simu, akapiga picha. Kisha nikasikia sauti yangu. Ilitoka kwenye ile simu, changamfu, safi, haina hata chembe ya woga niliokuwa nao wakati ule: "Hongera sana, baba. Sahani yako ina rangi nzuri leo."

Yule mwanamke akafunika, akainuka, akaenda kwa bibi wa nyumba ya pili. Akapiga magoti, akafunua. "Hongera sana, mama. Sahani yako ina rangi nzuri leo." Akafunika, akainuka.

Tulimfuata. Sijui kwa nini hatukumsimamisha. Muuguzi alikuwa mbele yangu, mimi nyuma, na yule mwanamke mbele yetu sote, na hivyo ndivyo tulivyokizunguka kijiji, nyumba baada ya nyumba, nyumba tisa. Kila mlango nilisikia nikipongeza. Kufikia nyumba ya sita sauti ile haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya mwanamke mwingine anayekaa ndani ya zile simu, anayefurahi hovyo, asiyeona chochote. Wenye nyumba waliniangalia usoni nilipopita, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyejaribu kuficha.

Baada ya nyumba ya tisa mwanamke akaingia tena migombani, nasi tukaingia naye. Kwake kulikuwa kwenye mwinuko mdogo. Mstari wa tope haukufika kwenye ukuta ule. Uwanja ulifagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Nyuma kulikuwa na bustani ndogo ya kijani kibichi, matembele, maboga, mnafu. Na mbele ya dirisha, hatua tano tu kutoka mlangoni, kulikuwa na kaburi jipya lililosakafiwa kwa vigae vyeupe.

Muuguzi alisimama, akaweka mkono kifuani.

Mwanamke aliingia ndani, akaiweka sahani mezani mbele ya kiti chenye mto. Simu ilitundikwa msumarini, juu ya kiti hicho. Ilitoa mlio mdogo, kisha ikasema, kwa sauti yangu, "Baba, umemaliza chakula chako?"

Mwanamke akanyoosha kidole, akabonyeza ndiyo.

"Hongera sana, baba," nikajisikia nikisema. "Mwili wako unakushukuru."

Dirisha lilikuwa wazi. Kupitia dirisha lile vigae vilikuwa vinawaka jua. Nilitaka kukimbia, nasema kweli. Miguu yangu ilinirudisha nyuma mpaka nikagonga mlango, na yule mwanamke ndiye aliyenishika mkono.

"Keti, mwanangu," akasema. "Nilijua siku moja utakuja."

Alituletea vigoda, akatupa maji ya kunywa. Muuguzi akampa pole kwa Kinyakyusa, maneno mengi ambayo sikuyaelewa, naye akashukuru, "Ndaga, ndaga fijo." Kisha akanigeukia na kuzungumza Kiswahili, taratibu, ili niyapate yote.

"Mume wangu alikufa wiki ya maji," akasema. "Maji hayakumchukua. Sukari ilipanda. Wanaume wakambeba kwenye machela kumleta kwenu, wakafika kwenye kalavati, kalavati halipo. Wakakaa naye pale upande wa huku mpaka ikawa basi."

"Mama, hatukupata taarifa."

"Mngepataje? Simu yake ilibaki hapa." Akaitazama msumarini. "Alikuwa mkaidi, we muulize yeyote. Miaka mingi nimempikia mboga anazisogeza pembeni ya sahani. Ulipokuja na hii simu ndipo akaanza kula. Alisema, 'Mtoto wa serikali ananiita baba, nitamwambia nini?' Anakula majani, huku amekunja uso."

Akacheka kidogo. Nami nikajikuta nacheka, na machozi yananitoka.

"Tukazika. Tukaanua matanga, watu wakaondoka. Siku hiyo nilikaa peke yangu hapa ulipokaa wewe. Sikuwasha moto, nimpikie nani? Mara ile simu ikasema, 'Baba, leo hujatuma chakula chako. Tunakusubiri.'"

"Nilijua ni wewe," akaendelea. "Usifikiri nimeharibikiwa na akili. Nilijua ni sauti iliyowekwa humo. Lakini ilinikaa moyoni. Mtu tumemfukia, na bado kuna mahali anasubiriwa. Nikasema, mimi nani nimnyime? Nikachuma mboga, nikapika, nikapiga picha. Ikasema hongera baba. Siku hiyo nililala usingizi."

"Na majirani?" akauliza muuguzi.

"Majirani bustani zao uliziona. Mchanga. Walikuja kuomba mboga, kila mmoja na simu yake, wanaogopa. Walikuwa wanakula wali mtupu na chumvi, au mihogo, na simu inawadai picha. Walisema wakituma wali mtupu utahuzunika, au mradi utawatoa, na dawa watakosa. Mboga zangu hazikutosha watu kumi, mwanangu. Zilitosha sahani moja."

Nilimuuliza kitu kilichokuwa kinanikaba tangu ofisini. "Na hiki chakula, mwisho wake anakula nani?"

"Nakula mimi. Nakaa pale pale kwake." Akakionyesha kile kiti. "Mwanzoni nilikuwa nakimwaga, nikaona ni dhambi."

Na mbele yetu akavuta kiti, akakaa, akanawa, akasali kwa kifupi, akaanza kula. Alikula mboga kwanza. Alizikunjia uso, na muuguzi baadaye aliniambia alitetemeka alipouona uso ule, kwa maana alimjua marehemu, na hivyo ndivyo alivyokuwa akikunja. Mimi sikumjua vya kutosha. Niliona tu mjane anayekula chakula kilichopoa, peke yake, saa nane mchana.

Alipomaliza, muuguzi alimwomba ampime. Alitoa kidole bila ubishi. Sukari yake ilikuwa nzuri. Presha, ambayo alisema ilimsumbua miaka ya nyuma mpaka akawa anadondoka, nayo ilikuwa imeshuka. Muuguzi alirudia kupima, akanionyesha, akakunja mashine yake. Katika kijiji kizima mtu aliyepona kwa mafundisho yangu alikuwa huyu ambaye hatukumwandikisha.

Kabla hatujaondoka tulipita tena zile nyumba tisa. Hawakunikwepa. Mzee wa kidonda ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake, "Tulikusikia unafurahi, daktari. Tukashindwa kukuharibia."

Nilikuwa nimewarekodia furaha kabla hawajapika, nikaondoka.

Msimamizi wangu mkoani hakufurahi. Alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, halafu akasema picha za Ngana zilikuwa tayari kwenye taarifa kubwa, na akauliza kama kuna mtu yeyote amelalamika. Nikamjibu hakuna. "Basi?" akasema. Nikaandika nilichokiona, chote, nikatuma kwa maandishi. Niliitwa, nikaulizwa maswali, nikaambiwa sina ushirikiano. Mradi ulimaliza muda wake baadaye kama ulivyopangwa, na simu walibaki nazo.

Kuliondoa jina la marehemu kulikuwa kazi nyingine. Nilimpigia mjane kumweleza kwamba itanibidi nilifute. Akaniomba nisilifute nikiwa ofisini. "Njoo ulifutie hapa," akasema. "Na usije kesho. Nipe Jumapili mbili."

Nilikwenda na muuguzi siku aliyoipanga, asubuhi. Alikuwa ameivua simu msumarini na kuifunga kwenye leso. Nilikaa nayo uwanjani, nikafungua ukurasa wa kumwondoa mgonjwa. Programu ilitaka sababu, na sababu zilikuwa zimeorodheshwa, unachagua: amehama, hataki kuendelea, simu imepotea. Aliyetengeneza orodha ile hakuwaza kifo. Nilizisoma kwa sauti. Mjane akafikiri, akasema, "Weka amehama."

Kidole changu kilikuwa juu ya kioo aliponizuia.

"Kwanza mwambie," akasema.

"Nimwambie nani, mama?"

"Yeye. Umemwita kila siku kwa sauti ya humo. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hasubiriwi tena."

Nilimtazama muuguzi, akaitikia kwa kichwa. Nilisimama mbele ya vigae. Mimi ni Mwislamu wa Singida, sikufundishwa kuzungumza na makaburi, na jua la asubuhi lilikuwa limepiga vigae mpaka macho yanauma. Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya stoo, ile ya mablanketi, changamfu. Sikuweza kupata nyingine. "Baba," nikasema, "umemaliza chakula chako. Hatukusubiri tena. Pumzika." Upepo haukuvuma, jani halikutikisika. Lakini ukimya uliofuata niliusikia mwilini, kama mtu aliyekuwa anasikiliza ameacha kusikiliza. Sina maelezo mengine. Muuguzi naye aliusikia, ingawa hapendi tuzungumzie.

Nikabonyeza. Jina likatoka.

Mjane alifuta uso kwa ile leso, akaingia bustanini na panga, akaanza kukata marando ya matembele. Alikata mengi, akayafunga mafungu tisa. Tuliyabeba sisi watatu, nyumba kwa nyumba, na kila mwenye nyumba alitoka na jembe kutafuta sehemu yenye udongo chini ya mchanga. Tulimwomba jirani mwenye ng'ombe atupatie mbolea. Matembele hayadeki, mwezi haukuisha vizuri tukawa tunachuma.

Tangu hapo nilikwenda kila Alhamisi nilipopata nafasi, na tulipika pamoja uwanjani kwake, sufuria moja kubwa, kila mtu na sahani yake kutoka nyumbani. Niliwaonyesha kwa mikono yangu kiasi cha mawese kinachotosha, wakanionyesha wao namna ya kupika ndizi zisivunjike. Siku ya kwanza tulipika mnafu na maharage, na wali kidogo. Watu walikula, wengine wakijifunza upya kutafuna mboga. Mzee wa kidonda alionja, akashusha kijiko.

"Haina chumvi," akasema.

"Kula," mjane akamwambia.

Akala.